Joto linalotokea darini: nani mwenye jukumu la kuokoa nishati Marekani?

Mpango wa serikali kuu ya Marekani wa kuziba nyumba za watu wenye kipato cha chini, ili joto lisipotee, umedumu kwa takriban nusu karne. Katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo, wanakoishi maelfu ya wasemaji wa Kiswahili, manufaa yake hutegemea nguvu ya ofisi zilizoko Washington, na nguvu hiyo imekuwa ikipanda na kushuka.

Familia iliyotoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma na kupewa makao mapya Marekani ilifundishwa mambo mengi katika wiki za mwanzo: namna ya kupanda basi, kuandikisha watoto shule, kumwona daktari. Liko jambo moja ambalo kwa kawaida hujifunzwa baadaye, mnamo mwezi wa Januari, pale bahasha ya kampuni ya gesi inapofika. Kodi ya nyumba ni deni moja, na joto la nyumba ni deni jingine. Katika nyumba kuukuu ya mbao, deni hilo la pili laweza kuikaba familia kuliko la kwanza.

Sababu yake si kwamba gesi ni ghali tu. Hewa yenye joto hupanda juu. Ikikuta dari isiyowekewa kitu cha kuzuia joto, hupenya na kutoka nje kupitia paa, na kila inapotoka huvuta hewa ya baridi kuingia kwa chini, kupitia nyufa za madirisha, chini ya milango na kwenye kuta za ghorofa ya chini ya ardhi. Tanuri la kupasha nyumba joto hufanya kazi usiku kucha bila ya nyumba kupata joto. Mwenye kulipa bili, kwa maneno mengine, anaipasha joto barabara.

Tangu mwaka 1976, Marekani imekuwa na sheria inayoruhusu serikali kuu kugharimia kazi ya kuzuia upotevu huo katika nyumba za watu wenye kipato kidogo, bila ya wao kulipa chochote. Kazi yenyewe si ya ajabu, bali inahitaji fundi anayejua anachokitafuta. Fundi hufunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, akavuta hewa kutoka ndani mpaka tofauti ya mgandamizo baina ya ndani na nje ifikie paskali 50, kisha hupima ni hewa kiasi gani inayoingia. Nyufa ambazo jicho halizioni hujitambulisha zenyewe: mkono ukisogezwa karibu nazo huhisi upepo. Baada ya hapo huziba matundu, hujaza nyuzinyuzi za karatasi zilizosagwa darini na ndani ya kuta, na hukagua tanuri. Tanuri bovu hurekebishwa au hubadilishwa, kwani laweza kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini. Kazi ikimalizika, feni hufungwa tena mlangoni, na kipimo cha pili hulinganishwa na kile cha kwanza.

Wizara ya Nishati ya Marekani imekuwa ikisema kwamba nyumba iliyofanyiwa kazi hiyo huokoa kwa wastani dola 372 au zaidi kwa mwaka, na kwamba kiasi cha nyumba 35,000 huhudumiwa kila mwaka. Wanaostahili ni wale ambao kipato chao hakizidi mara mbili ya kiwango rasmi cha umaskini. Watu hao ni mamilioni, na nyumba 35,000 kwa mwaka ni tone katika bahari.

Fedha hupitia mikono kadhaa. Bunge huzipitisha, Wizara ya Nishati huzigawa kwa majimbo, majimbo huyapa mashirika ya wilaya, na mashirika hayo ndiyo yanayoajiri mafundi au kuwapa kandarasi. Kiungo kimoja kikilegea, fundi hafiki mlangoni. Kiungo kilicholegea mara nyingi zaidi ni kile cha juu, kwa sababu kazi ya ofisi ya Washington si kugawa fedha tu. Ndiyo inayoweka kanuni za ufundi, kuamua vipimo vinavyokubalika, kusimamia mafunzo na kuhakikisha kwamba nyumba iliyoandikwa kuwa imezibwa imezibwa kweli.

Chombo hicho kilizaliwa katika baridi, na miji miwili kati ya hiyo mitatu ilishuhudia. Baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta mwezi Oktoba mwaka 1973, Marekani ilianza kutafuta njia za kupunguza matumizi, lakini kilichowagutusha wananchi wa kaskazini ni majira ya baridi ya mwaka 1977. Gesi asilia ilipungua. Viwanda vilifungwa, na mamia kwa maelfu ya wafanyakazi wakaambiwa wabaki nyumbani. Mjini Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio, shule za serikali zilifungwa mwezi Februari kwa sababu hapakuwa na gesi ya kutosha kuzipasha joto, na kwa karibu mwezi mzima watoto walifundishwa kupitia televisheni, redio na magazeti. Mjini Buffalo, tarehe 28 Januari mwaka huo huo, upepo mkali uliizoa theluji iliyokuwa imerundikana juu ya Ziwa Erie lililoganda na kuimwagia mji. Magari yalifukiwa yakiwa na watu ndani. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Siku chache baadaye, tarehe 2 Februari, Rais Jimmy Carter alionekana kwenye televisheni amevaa sweta, akiwataka wananchi washushe joto la nyumba zao hadi nyuzi 65 za Farenhaiti mchana, yaani kiasi cha nyuzi 18 za Selsiasi, na 55 usiku. Wizara ya Nishati ilianza kazi tarehe mosi Oktoba mwaka 1977, ikakabidhiwa mpango wa kuziba nyumba.

Miaka ya mwanzo haikuwa ya kujivunia. Kazi nyingi zilifanywa na watu wa kujitolea na vijana wasio na ujuzi, wakibandika karatasi za plastiki kwenye madirisha, kwa kuwa dirisha ndilo jambo linaloonekana. Plastiki ilichanika kabla ya majira ya kuchipua. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kwa chombo hicho kujifunza kwamba joto kubwa hupotea mahali pasipoonekana, na kwamba bila ya kupima kabla na baada, hakuna anayejua kama fedha zimefanya kazi. Ujuzi huo, kuliko bajeti yoyote, ndio mali kubwa ya ofisi ya aina hii, na ndio unaopotea haraka zaidi wafanyakazi wake wanapoondolewa.

Rais Ronald Reagan alipoingia madarakani mwaka 1981 alitaka Wizara nzima ya Nishati ivunjwe. Bunge lilikataa, lakini fedha za kuokoa nishati zilipunguzwa sana, na mipango ya majimbo ikaokolewa kwa kiasi fulani na fedha ambazo mahakama ziliamuru kampuni za mafuta zirejeshe kwa kuwatoza wateja kupita kiasi katika miaka ya 1970. Ni kioja cha historia kwamba wizi wa bei ulisaidia kuziba nyumba za maskini.

Mwaka 2009 mambo yaligeuka. Katika kuunusuru uchumi ulioporomoka, serikali ya Rais Barack Obama iliutengea mpango huo dola bilioni 5, mara nyingi zaidi ya bajeti yake ya kawaida ya mwaka. Ingedhaniwa kwamba huko ndiko kuimarisha chombo. Mwaka wa kwanza fedha zilikaa bila kutumika, kwa sababu kanuni za mishahara ya mafundi hazikuwa tayari na majimbo hayakuwa na wakaguzi wa kutosha. Mafundi wapya waliajiriwa kwa haraka, na mkaguzi mkuu wa Wizara ya Nishati akaripoti kazi mbovu katika baadhi ya majimbo. Hata hivyo, hadi mwaka 2012 zaidi ya nyumba milioni moja zilikuwa zimehudumiwa. Kisha fedha zikaisha, mafundi wakaachishwa kazi, na wengi wakatafuta riziki kwingine. Mkondo ulifurika, ukakauka.

Historia hiyo ilijirudia baada ya sheria ya miundombinu ya Novemba 2021, iliyotoa dola bilioni 3.5 kwa mpango huo huo. Safari hii wizara ilijitahidi kujifunza. Mwaka 2022 iliunda ofisi maalumu ya kushughulikia majimbo na jamii, na fedha zikapangwa zitumike kwa miaka kadhaa badala ya mwaka mmoja.

Ujenzi huo haukudumu. Tarehe mosi Aprili 2025, wafanyakazi wote wanaosimamia mpango mwingine unaokwenda sambamba na huu, ule wa kuwasaidia watu kulipa bili za joto unaojulikana kwa ufupisho wa LIHEAP, waliachishwa kazi katika Wizara ya Afya. Mpango huo ulikuwa ukizifikia kiasi cha familia milioni 6 kwa bajeti ya takriban dola bilioni 4 kwa mwaka, na sheria huyaruhusu majimbo kutumia sehemu ya fedha zake kuziba nyumba. Bajeti iliyopendekezwa na Rais Donald Trump kwa mwaka wa fedha wa 2026 ilitaka LIHEAP ifutwe kabisa. Mwezi Novemba 2025, Wizara ya Nishati ilitoa mchoro mpya wa idara zake, na ofisi ya matumizi bora ya nishati na nishati jadidifu haikuwamo tena. Badala yake palikuwa na ofisi ya madini muhimu na ubunifu wa nishati. Watetezi wa mabadiliko hayo husema serikali imekuwa kubwa mno, na kwamba nchi yenye gesi tele haina haja ya kuwahimiza watu wabanie. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye kuuza gesi. Kwa mwenye kuilipia, wingi wa gesi haupunguzi idadi ya nyufa.

Mjini Louisville, jimbo la Kentucky, athari zake hazikuwa za nadharia. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi nyumbani na wanafunzi wa shule za serikali za mji huo ulioko kando ya Mto Ohio, kutokana na wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na kwingineko. Katika Kentucky, msaada wa bili za joto kwa desturi hutolewa kwa awamu mbili, ya kwanza kuanzia Novemba na ya pili, ya dharura, kuanzia Januari. Mwaka 2025 serikali kuu ilisimama kwa siku 43, kuanzia tarehe mosi Oktoba hadi 12 Novemba, na majimbo yakalazimika kungojea fedha hadi mwishoni mwa Novemba, baridi ikiwa imekwisha kuingia.

Msaada wa bili na kazi ya kuziba nyumba si kitu kimoja, ingawa mara nyingi watu huvichanganya. Wa kwanza hulipa deni la mwezi huu, na mwezi ujao deni hurejea. Ya pili hupunguza deni lenyewe kwa miaka mingi. Serikali inayotaka kubana matumizi ingetarajiwa kuipenda zaidi hii ya pili, lakini matokeo yake huonekana polepole, na hakuna mwanasiasa anayekata utepe mbele ya dari iliyojazwa nyuzinyuzi.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kikwazo kikubwa ni kingine. Wengi wao ni wapangaji. Anayelipa gesi ni mpangaji, anayemiliki ukuta ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba hana haraka ya kuziba ukuta ambao baridi yake haimfikii mfukoni. Kanuni za serikali kuu zimelizingatia hilo: nyumba ya kupanga yaweza kuhudumiwa mwenyewe akitoa idhini ya maandishi, na mpangaji hapaswi kupandishiwa kodi kwa muda maalumu kwa sababu ya kazi hiyo. Kanuni ni nzuri. Lakini mpangaji aliyekaa nchini kwa miaka miwili, asiyejua Kiingereza vizuri, ndiye anayetarajiwa kumfuata mwenye nyumba na karatasi mkononi, na wengi huogopa kwamba kuomba jambo ni kuomba kuhamishwa. Hapa ofisi yenye nguvu ingepaswa kuzungumza na wenye nyumba moja kwa moja, na kuwa na fomu na wakalimani wa lugha ambazo watu wanazisema.

Columbus inatoa somo la namna nyingine. Mji huo una jamii kubwa ya Wasomali, wakiwamo Wabantu wa Kisomali, pamoja na Wakongo na Wakenya. Mwaka 2008 jimbo la Ohio lilipitisha sheria iliyozitaka kampuni za umeme zipunguze matumizi ya wateja wao kwa asilimia 22 kufikia mwaka 2025, kwa kuwasaidia kupata vifaa na nyumba zisizopoteza nishati. Mwezi Julai 2019, bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria nambari 6, iliyotoa ruzuku kwa mitambo miwili ya nyuklia na kuyafuta malengo hayo. Mwaka mmoja baadaye Spika wa bunge hilo, Larry Householder, alikamatwa. Ilidhihirika mahakamani kwamba kiasi cha dola milioni 60 zilipitishwa kwa siri kufanikisha mpango huo, na mwezi Juni 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Ruzuku ya nyuklia ilifutwa mwaka 2021. Malengo ya kuokoa nishati, yaliyofikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2020, hayakurejeshwa pamoja nayo. Pale jimbo lilipojiondoa, kilichosalia kwa mkazi wa Columbus mwenye kipato kidogo ni ile mipango ya Washington, nayo ndiyo hiyo iliyokwisha elezwa.

Buffalo, kwa upande wake, inategemea zaidi jimbo lake. New York iliunda mamlaka yake ya utafiti na maendeleo ya nishati, NYSERDA, mwaka 1975, miaka miwili kabla ya Wizara ya Nishati kuanza. Sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na tozo ndogo kwenye bili za umeme, wala haisubiri kila mwaka huruma ya wabunge walioko mbali. Upande wa magharibi wa mji, wanakoishi wakimbizi wengi kutoka Kongo, Somalia na Myanmar, shirika la wananchi la PUSH Buffalo limekuwa likikarabati nyumba tangu mwaka 2005, na liliwahi kuishinikiza kampuni ya gesi ya eneo hilo juu ya namna fedha za kuokoa nishati zinavyotumika. Hata hivyo nyumba nyingi za Buffalo zilijengwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Fundi akikuta paa linavuja au nyaya za umeme za kale ndani ya ukuta, haruhusiwi kujaza nyuzinyuzi, na nyumba huahirishwa. Nyumba mbovu kuliko zote ndizo zinazokosa huduma. Tangu mwaka 2022 serikali kuu imekuwa na fungu dogo la kutengeneza kasoro hizo kwanza, na mafundi wengi huliona kuwa ndiyo nyongeza yenye manufaa zaidi katika miaka ya karibuni.

Dhoruba ya Krismasi ya mwaka 2022 iliwaua zaidi ya watu 40 katika Buffalo na vitongoji vyake, na baadhi yao walikutwa ndani ya nyumba zao wenyewe, zisizo na joto. Umeme ulipokatika, tanuri la gesi nalo lilizimika, maana feni yake huendeshwa kwa umeme. Nyumba iliyozibwa vyema huhifadhi joto kwa saa nyingi zaidi, na katika dhoruba ambayo magari ya uokoaji yenyewe yalikwama, saa hizo zina thamani isiyoandikwa kwenye hesabu ya dola 372.

Wasikilizaji walioko Afrika Mashariki huenda wakaliona suala hili kuwa la nchi za theluji. Lakini swali la nguvu ya chombo ni lile lile. Kenya ilitunga mwaka 2016 kanuni za kubandika nyota kwenye majokofu, viyoyozi na vifaa vingine, ili mnunuzi ajue kipi kinakula umeme mwingi. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ikaipa mamlaka ya EPRA jukumu la kusimamia. Kanuni ya aina hiyo ina sifa ambayo mpango wa kuziba nyumba hauna: haihitaji kupigiwa kura upya kila bajeti. Marekani yenyewe ina mfano wake. Sheria ya mwaka 1987 kuhusu vifaa vya nyumbani ilisema kiwango kikishawekwa hakiwezi kushushwa na wizara, na ndiyo maana majokofu ya leo hutumia sehemu ndogo tu ya umeme wa yale ya miaka ya 1970, wapende wasipende waliopita madarakani. Wanaotaka mpango wa nyumba uimarishwe huuliza kwa nini nao usipewe ulinzi kama huo: fedha za miaka kadhaa, idadi ya chini ya wakaguzi iliyotajwa katika sheria, na wajibu wa kuzifikia nyumba za kupanga.

Bunge halijafanya hivyo. Kwa sasa anayetaka nyumba yake izibwe huomba katika shirika la wilaya linalosimamia mpango huo, akiwa na uthibitisho wa kipato, bili ya gesi au umeme na, kama ni mpangaji, idhini ya mwenye nyumba. Familia zenye wazee, walemavu na watoto wadogo hutangulizwa. Wengine huandikwa kwenye orodha, na katika baadhi ya maeneo zamu hufika baada ya majira ya baridi kupita.